Saa ya Ger

Mimi usinidanganye kuhusu ndege. Mwaka wa kumi na tisa huu naendesha teksi uwanja wa ndege wa St. John's, na safari zote ziko kichwani. Toronto kuja huku ni saa tatu. Kurudi ni saa tatu na nusu, maana upepo wa juu unatoka magharibi na anayekwenda huko anasukumana nao njia nzima. Halifax ni saa moja na nusu, abiria hajamaliza hata kugombania sehemu ya kuegemeza mkono. Fort McMurray, kule Alberta wanakochimba mchanga wa mafuta, ni kilomita elfu nne. Unabadilisha ndege mara mbili na siku yako imeliwa yote. Clar, dereva mwenzangu, hunitania, "Mena, ukifa tutakuzika na ubao wa ndege zinazowasili." Sawa, anitanie. Lakini mjuzi huyu wa ndege ndiye aliyechezewa shere miaka minne, na aliyenichezea si mtu baki. Ni Gerard, mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Jikoni kwa Mama kulikuwa na saa mbili ukutani. Kubwa ilikuwa yetu. Ndogo, ya plastiki ya bluu, Mama aliinunua mwaka ule samaki walipokwisha, serikali ikafunga uvuvi na vijana wote wakapanda ndege kwenda magharibi. Ni yeye mwenyewe aliyemwambia Ger aende. "Nenda, mwanangu, hapa utaoza," alimwambia, halafu akalia siku tatu na kumkasirikia kila aliyemuuliza kwa nini analia. Akainunua ile saa, akairudisha nyuma saa tatu na nusu ili iende na Alberta, akaitundika. Tukaiita saa ya Ger. Jirani akija kuomba sukari, Mama anaitupia jicho: "Ger wangu ndiyo kwanza anaamka." Au, "Ger anakula mchana sasa hivi." Na ole wako umpigie Ger simu bila kuitazama saa ile kwanza.

Sisi huku Newfoundland, kisiwa chenye St. John's, saa zetu zina nusu yake, hatulingani na mtu yeyote Kanada nzima. Toronto tunaizidi saa moja na nusu. Halifax tunaizidi nusu saa. Wageni wanatucheka, lakini hesabu hiyo tunaifanya huku tunamenya viazi.

Ger alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, Krismasi na wiki moja ya Julai. Siku zote alishuka kwenye ndege ya Halifax. "Kampuni inatupitisha huko, Dada," aliniambia, nikaona sawa, wengi hupita huko. Mama akimwomba aje Pasaka, anajibu, "Safari inanila, Mama. Mapumziko siku nane, mbili zinaishia angani." Mama anamhurumia. "Usimsumbue mwenzio, Mena, yuko mbali." Mama alipoteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mkono, alinikataza nisimwambie Ger. Paa lilipovuja nilipanda mwenyewe na nyundo, mwanamke wa miaka hamsini, majirani wako chini wananipigia mbinja. Nikiwa juu huko nilikuwa namtetea: mwanamume wa nyumba yuko Alberta, afanyeje?

Basi. Mwezi wa sita, siku ya Jumanne, Mama alianguka akikanda unga wa mkate. Hospitali wakasema ni moyo. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akanivuta pembeni: "Moyo wake umechoka, mama. Kama kuna watu wa kuitwa, waite leo."

Saa kumi na moja jioni nikampigia Ger.

"Mungu wangu," alisema. Nikasikia maji yanatiririka mahali, kama mtu anaosha vyombo, kisha yakafungwa. "Dada, ndege ya leo ya kutoka Fort McMurray imeshaondoka. Nitapata ya alfajiri."

"Ya alfajiri itakufikisha huku saa ngapi?"

Na mimi ni nani niulize, kama hesabu naijua? Nilikuwa natamani tu anitajie saa tofauti na ile niliyonayo kichwani.

"Kesho, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Kwa ndege ya Halifax."

"Kwa nini Halifax? Toronto kuna ya moja kwa moja kuja huku, utafika mapema zaidi."

"Imejaa, Dada. Nimeshaangalia."

Hata dakika mbili hazijapita tangu nimwambie, na ameshaangalia. Hilo nililisikia kwa masikio yangu haya mawili na nikalimeza kama kidonge. "Haya, ndugu yangu," nikamwambia, "ujitahidi."

Mama alipoambiwa alifurahi hata rangi ikamrudia. "Kesho jioni? Basi nitamsubiri." Alisema hivyo kama mtu anayesubiri mkate uumuke. Kisha akanipa maagizo mawili. La kwanza, nikamletee saa ya Ger kutoka jikoni. La pili, "Ukampokee mwenyewe. Asije na teksi ya mtu mwingine." Kwetu mtu hashuki ndege akakosa wa kumpokea, hata kama kuna theluji ya kufika kiunoni, na mtoto wa mwenye teksi angekuwa aibu mara mbili.

Asubuhi saa mbili na nusu nilikuwa kando ya kitanda. Nesi Glenys alinisaidia kuitundika saa ya Ger kwenye msumari wa picha, pale Mama anapoiona. Ilionyesha saa kumi na moja alfajiri.

"Ndiyo wanaruka sasa, Mama," nikasema.

"Ana dirisha?"

"Ana dirisha."

Nilikuwa nimeitoa ramani ya barabara kwenye teksi, ile kubwa ya nchi nzima iliyochakaa kwenye mikunjo. Nikaitandaza juu ya blanketi. Daktari alikuwa ameniambia hadhani Mama atafika jioni, na mimi nikaamua moyoni kwamba atafika. Nitamsafirisha Ger kwa kidole changu mpaka afike kitandani pale, na Mama hatanifia katikati ya safari. Hilo tu ndilo nililotaka duniani siku ile, Mama amwone mwanawe.

"Yuko wapi sasa?" anauliza, macho yamefumba.

"Saskatchewan, Mama. Mashamba matupu, hakuna hata kilima."

Glenys anaingia, anapima presha, anaitupia jicho ramani. Anatoka.

"Sasa?"

"Manitoba. Maziwa mengi, madogomadogo."

"Upepo uko nyuma yake?"

"Uko nyuma yake, unamsukuma."

Hilo la upepo alilipenda sana. Kila Ger alipokuwa anakuja, Mama aliwaambia watu wote kanisani kwamba safari ya kurudi nyumbani ni fupi kuliko ya kwenda, na anayebisha amuulize Mena. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu, lakini vidole vilikuwa vinanibana kila nikitaja jina la mahali, basi nikawa nayataja hata yasiyo na maana, vijiji na mito ambayo sijawahi kuiona. Saa nne kasoro dakika kumi nilitazama nje, nikaona ndege inashuka kwa upande wa uwanja. Ya asubuhi kutoka Halifax, nikajisemea, imewahi leo. Nikarudi kwenye ramani.

Saa sita na nusu mchana simu yangu ikalia. Ger.

"Tumetua Toronto, ndiyo kwanza nimeshuka. Mama vipi?"

"Anapumua. Anakungoja wewe. Ger, anakungoja kweli, sikutanii."

"Mwambie nakuja. Mwambie..."

Kikasikika kishindo nyuma yake, *du!*, kimoja tu, kizito, hata simu ikakwaruza.

"Ala! Nini hicho?"

"Nini?"

"Hicho kishindo."

"Kishindo gani? Sijasikia kitu." Na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye kweli hakusikia. "Labda wanashusha mizigo. Dada, wacha nikimbilie foleni."

Nikamwekea Mama simu sikioni kabla hajakata. Sikusikia alichomwambia. Mama alisema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Kula kitu." Akafumba macho akitabasamu.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mara mbili pumzi ya Mama ilikatika, mara mbili nikampigia kelele, "Mama! Ger yuko Quebec!" Ikarudi. Glenys alikuwa mlangoni mara ya pili, akaja akanishika bega. "Dada Mena, mwache apumzike."

"Hapumziki mtu hapa mpaka saa kumi na mbili kasorobo," nikamjibu, kwa ukali ambao hakuustahili. Akaenda kuniletea chai ya maziwa ya kopo.

Saa tisa na dakika arobaini simu ikalia tena. "Niko Halifax," Ger akasema. "Ndege inaondoka saa kumi na robo, saa zenu."

"Mama," nikamwinamia. "Amefika Halifax. Anabadilisha ndege."

Akafumbua macho. Yalikuwa meupe, yamechoka, lakini alikuwa ananiona.

"Halifax?"

"Halifax, Mama. Saa moja na nusu tu."

"Halifax ni hapo tu," akasema. "Basi amefika."

Akaachia mkono wangu. Nilidhani amelala. Nikakunja ramani taratibu ili nisimwamshe, nikanywa ile chai, na ilipofika saa kumi na dakika ishirini Glenys aliingia, akamtazama, akaweka vidole shingoni pake, kisha akazunguka kitanda akaja kunikumbatia mimi. Ger alikuwa ameshapanda ndege, simu yake imezimwa. Sikuwa na wa kumwambia.

"Tutamwacha hapahapa mpaka mdogo wako aje," Glenys alisema. "Nenda ukamchukue."

Nikaenda, kwa sababu niliagizwa. Nilinawa uso chooni nikaendesha.

Clar alikuwa kwenye foleni ya teksi. Akaanza, "Aa, malkia mwenyewe, umekumbuka kazi?" kisha akaniona uso. Akavua kofia. "Mena. Pole, dada yangu." Akanisogezea gari lake nikapaki mbele ya mlango kabisa, mahali ambapo siku nyingine tungetukanana hadi jua lizame.

Ger akatoka na wa kwanza. Mkubwa, mabega mapana, macho mekundu. Nilimkimbilia. Nawaambia ukweli, nilimkimbilia kama nilivyokuwa namkimbilia alipokuwa na miaka mitano na mimi kumi na mbili, na nililia kifuani pake, na nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mama hayupo. Nilikuwa namhurumia yeye kuliko mimi. Kilomita elfu nne, nikawaza, siku nzima angani, halafu anakuta hivi.

"Mama?" akauliza.

Nikashindwa. "Twende kwanza," nikasema, nikachukua begi lake.

Sasa hili la begi ni kazi yangu. Mara ishirini kwa siku nanyanyua begi la mtu, na kila mara jicho linakwenda lenyewe kwenye ile karatasi ndefu ya mzigo iliyobandikwa mshikioni, maana hapo najua mgeni katoka wapi na nimwongeleshe nini. Begi lililopita viwanja vitatu lina mistari mitatu, kila ndege na mahali ilipoanzia. Nimeona maelfu ya yale ya Fort McMurray.

Hili lilikuwa na mstari mmoja. Limepakiwa Halifax, limeshushwa kwetu. Basi.

Nilisimama na buti la gari wazi. Unajua mtu anaweza kusimama na asiwaze chochote? Kisha vitu vikaanza kuja kimoja kimoja, bila kuitwa. Shati lake, jeupe, mistari ya pasi bado imesimama kwenye mikono, na huyu ametoka nyumbani alfajiri akabadilisha ndege mara mbili. Harufu ya sabuni. Maji ya vyombo kwenye simu. Na kile kishindo.

Niliwahi kuishi Halifax miaka miwili, nilipoolewa na yule mwanamaji ambaye jina lake silitaji. Juu ya kilima katikati ya mji kuna ngome ya zamani, na kila siku saa sita kamili mchana wanajeshi wanapiga mzinga mmoja. Mgeni anaruka anamwaga supu. Mwenyeji hasikii. Mimi mwenyewe baada ya miezi michache sikuwa nasikia, wageni wakishtuka nawauliza, "Kishindo gani?" Saa sita na nusu ya kwetu ni saa sita kamili ya Halifax.

"Dada? Vipi?" Ger alikuwa ameshika mlango wa mbele, anataka kuingia.

Nikafunga buti. "Kaa nyuma," nikamwambia.

"Nyuma?"

"Mbele kuna vitu vya Mama."

Hakukuwa na kitu mbele. Ndugu hukaa mbele na mimi, abiria hukaa nyuma, na katika miaka kumi na tisa sijawahi kumweka mtu wa damu yangu nyuma. Akaingia, magoti yamemfika kidevuni.

Kutoka uwanjani mpaka hospitali ni dakika saba. Nikamtazama kwenye kioo.

"Vipi safari?"

"Acha tu." Akapangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Tangu alfajiri niko njiani. Juu ya Manitoba tumetikiswa, nikadhani mabawa yanang'oka."

"Manitoba?"

"Manitoba. Hata wahudumu walikaa chini wakafunga mikanda."

"Pole sana."

"Halafu Toronto foleni, huwezi kuamini. Tangu asubuhi nimekula mkate mkavu tu."

Jamani. Ile Manitoba niliyompa Mama huku namshika mkono, niliyoitoa kwenye ramani iliyochakaa ili aendelee kupumua, ananirudishia mimi kama soga ya njiani. Nilitamani nisimamishe gari nimtoe kwa kola. Nilitamani nimwambie neno ambalo Mama alinichapa kwa kulitamka nilipokuwa na miaka tisa. Taa ikawa nyekundu, nikasimama kama watu wote. "Na kazi?" nikamuuliza. "Lori la mgodini bado unaendesha lilelile?"

"Lilelile. Gurudumu lake moja refu kunipita mimi." Akacheka kidogo, akajizuia. "Dada, Mama atanitambua?"

"Utaona mwenyewe," nikasema.

Glenys alikuwa amemchana Mama nywele na kumfunika mpaka kifuani, mikono juu, rozari kati ya vidole. Ger alifika mlangoni, akatazama, akaelewa. Akaanguka juu ya kitanda akalia kwa sauti kubwa, na alikuwa analia kweli, sitamsingizia.

"Nimechelewa! Nisamehe, Mama, ni mbali! Ni mbali sana!"

Glenys akaanza kulia naye. "Maskini, kutoka Alberta yote hiyo," alinong'ona.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kama angelia tu, labda ningenyamaza mpaka mazishi. Lakini ule "ni mbali", mbele ya Mama, na mtu mwingine anamhurumia kwa huo huo uongo, hapana. Nikaishusha saa ya Ger ukutani. Ilionyesha saa tisa na dakika tano. Nikashika kile kidude cha nyuma nikaizungusha mbele, mbele, saa tatu nzima, mpaka ikawa saa kumi na mbili na dakika tano, nusu saa tu nyuma ya ile ya hospitali. Nikamgusa bega nikampa mkononi.

Aliitazama saa. Akatazama ile ya ukutani. Mtoto aliyezaliwa huku, hesabu hiyo haihitaji kidole. Kilio kikakatika palepale, kama bomba lililofungwa.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Si nisamehe, Dada. Nani kakwambia.

Glenys alitutazama, akatoka, akafunga mlango.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akakaa sakafuni, mgongo kwenye chuma cha kitanda, saa mapajani. "Mwaka wa nne huu. Walinifukuza kambini kule Alberta. Nilikuwa nakunywa, Dada. Nikakaa Halifax kutafuta kazi kabla sijarudi, nikampata mtu. Ana watoto wawili. Naendesha gari la mikate."

"Gari la mikate."

"Mama alikuwa anajivunia lile lori. Picha yake aliibandika kanisani, unakumbuka? Ningemwambiaje? Nikasema nitamwambia Krismasi. Krismasi ikapita. Halafu ikawa ngumu zaidi kusema kwa nini sikusema."

"Mimi je? Mimi niliyepanda paa?"

"Ungemwambia."

"Ningekusitiri, mjinga wewe! Miaka yote nakusitiri! Nani alijitwika kosa la dirisha la padri ulilovunja wewe?" Nilikuwa napiga kelele chumbani mwa maiti ya mama yangu na sikujali. "Ungekuwa baba wa watoto kumi ningekusitiri. Halafu jana, Ger. Jana saa kumi na moja nilikupigia. Ndege ya jioni ilikuwepo. Ya leo asubuhi niliiona kwa macho yangu ikitua, mchana ikaja nyingine. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Unafanya nini?"

Alikuwa anaigusagusa saa kwa kidole gumba.

"Nilikuwa nimekaa jikoni na begi," alisema. "Nilishakwambia Fort McMurray. Ningetua jana ungeniuliza nimefikaje upesi hivyo. Wewe, Dada, ratiba zote unazijua. Nikaona bora nisubiri muda ule ule ambao safari ya kutoka Fort McMurray ingenichukua. Si uliniambia anapumua? Nikadhani atafika jioni."

Na mimi nilidhani hivyohivyo. Kutwa nzima tulikuwa tunafanya hesabu moja, yeye jikoni kwake na saa, mimi hapa na kidole kwenye ramani, yeye anahesabu ili asishikwe na mimi nahesabu ili Mama asife. Nikakaa kwenye kiti. Nguvu za kugomba ziliniishia.

Nje magari yalikuwa yanapita. Ger akaniuliza, bila kunitazama, kwa ile sauti yake ya utotoni ya kuomba kitu anachojua hatapewa.

"Alisema neno? Mwishoni?"

Ningeweza kumwonea huruma. Maneno mazuri yalikuwepo, mtu huwa anatungiwa, na Glenys ni mtu mwema, asingenikana.

"Nilimwambia umefika Halifax, unabadilisha ndege," nikamwambia. "Akasema Halifax ni hapo tu, basi amefika. Akaniachia mkono."